Mlango Unabana, Mchwa Wako Ukutani: Kukagua Nyumba Kongwe za Ng'ambo

Kazi yangu ni milango na madirisha hapa mjini Unguja, na wanaoniita huanza kwa maneno yale yale: "Fundi, njoo ututazamie mlango, haufungi." Nikifika na mkoba wangu nakuta mlango hauna kosa. Kosa ni la mchwa, na nyuma ya mchwa kuna maji ambayo hakuna aliyeyatilia maanani.

Nyumba ninazozisema ni zile za zamani za Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe: Jang'ombe, Kikwajuni, Miembeni na Mikunguni, na nyingine za namna hiyo Wete na Chake Chake, Pemba. Kuta zake ni za mawe na udongo, au za miti iliyokandikwa, zikaja zikapigwa plasta ya saruji baadaye. Paa lililokuwa la makuti sasa ni la bati. Wazee waliozijenga waliijua kazi yao. Yaliyoziponza ni mambo tuliyoziongezea sisi: choo cha ndani, vigae, kifusi uani, na barabara iliyoinuliwa mpaka ikaipita sakafu.

Mchwa wa ardhini ana mwili laini mno. Ukimtoa kwenye udongo ukamwacha juani au kwenye upepo, hakawii kukauka na kufa. Ndiyo maana hatembei wazi. Hujenga njia ya udongo, na safari zake zote huanzia penye unyevu. Ukilijua hilo, dalili nyingi zinasomeka.

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: kurunzi yenye mwanga mkali, bisibisi bapa, nyundo ndogo, na kipande cha chaki. Usianze na dawa.

Kumbikumbi wametoka ndani

Mvua za mwanzo za vuli au za masika zikinyesha, jioni yake kumbikumbi huruka. Hao ni mchwa waliokomaa, wanatafuta mwenza na pahala pa kuanzisha kundi jipya. Wakija kutoka nje kufuata taa, hiyo peke yake si habari mbaya. Zima taa, funga dirisha, fagia asubuhi.

Habari mbaya ni pale dirisha lilipokuwa limefungwa na bado ukakuta rundo la mbawa chini yake. Au umewaona kwa macho yako wanatoka kwenye ufa wa sakafu, pembeni ya mwimo wa mlango (ule mti wa wima wa fremu), au kwenye tundu la soketi ya umeme. Kundi linalotoa kumbikumbi si changa, limeshakaa miaka. Weka alama ya chaki pale pale walipotokea usiku huo huo, kwa sababu kesho ufa utakuwa umezibwa kwa udongo na hutakumbuka ulikuwa wapi.

Watu huwachanganya na sisimizi wenye mbawa. Mtazame kiuno. Sisimizi ana kiuno kilichobanwa, na mbawa zake za mbele ni ndefu kuliko za nyuma. Kumbikumbi kiuno chake hakionekani, na mbawa zake nne zinalingana.

Mlango unabana, au rangi imevimba

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nimekosea. Mbao hunywa unyevu wa hewa. Mlango wa Unguja kubana mwezi wa Aprili ni jambo la kawaida, na ukiuranda wakati ule, wakati wa kaskazi utakuwa na mwanya wa kupitisha kidole. Kwa hiyo angalia msimu. Mlango uliobana masika ukafunguka wenyewe jua likirudi, uache. Mlango unaoendelea kubana Januari na Februari, ukuta mkavu na joto kali, huo una jambo jengine. Ama fremu imeshuka kwa sababu chini imeliwa, ama udongo umejaa ndani yake ukaisukuma.

Piga mwimo kwa mpini wa bisibisi, kuanzia juu kushuka chini, kila upana wa kiganja. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu. Uliokuwa mtupu ndani hujibu kama boksi. Mara nyingi sauti hubadilika kwenye shubiri moja au mbili za mwisho juu ya sakafu. Hapo chomeka ncha ya bisibisi taratibu.

Sitasahau mwimo mmoja wa Jang'ombe. Rangi yake ya kijani ilikuwa nzima, inang'aa, imepakwa kwa Sikukuu. Niligusa kwa ncha ya bisibisi bila kusukuma, ikazama mpaka kwenye mpini. Nilipobandua, rangi ilitoka kama ganda la yai. Nyuma yake hamkuwa na mbao. Mlikuwa na kurasa nyembamba za mti zilizosimama wima kufuata mshipa, na kati ya kila ukurasa udongo wa rangi ya kahawia, baridi na maji maji, kana kwamba umechotwa kisimani. Mchwa weupe walikimbia kurudi chini kwenye giza.

Fremu ile nilikuwa nimeiweka mimi mwenyewe. Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ya paini, na nikailaumu paini. Ya pili nilitumia mninga, lakini ulikuwa na weupe mwingi pembeni, ile sehemu ya nje ya mti, na mchwa wakala weupe wote wakaacha kiini. Ya tatu niliipaka dawa pande zote kabla ya kuisimamisha. Mwenye nyumba, bibi mtu mzima, hakunigombeza. Alileta kigoda akakaa karibu yangu.

"Mwanangu, hii ni mara ya tatu."

"Kweli, bi mkubwa. Nipe ruhusa nichimbe uani."

"Chimba. Lakini pale karibu na choo pana tope siku zote, utachafuka."

Neno hilo nilipaswa kuliuliza miaka sita nyuma. Choo kilijengwa mgongoni mwa ukuta ule ule wa mlango. Nilichukua chepe. Ilikuwa kaskazi, uani kote vumbi, lakini kwa kina cha kiganja kimoja tu udongo ulikuwa mweusi na unashikana. Mfereji wa kunawia, yaani bomba, ulikuwa unadondoka, tone baada ya tone, na maji yalikuwa yakishuka moja kwa moja kwenye msingi. Chini zaidi nikafika kwenye mbao. Ni zile mbao za kufungia zege walizotumia mafundi wa choo, hawakuzitoa, wakazifukia. Zote zilikuwa zimejaa mchwa. Tulikuwa tumewajengea maskani, tukawapa maji, kisha kila baada ya miaka miwili mimi ninawaletea fremu mpya.

Tulibadilisha koki ya mfereji, tukatoa mbao zile zote hadi kipande cha mwisho, tukachimba mtaro wa kupeleka maji mbali na ukuta, na tukatibu udongo. Fremu ya nne niliikalisha juu ya kiatu cha zege, isiguse ardhi. Iko hadi leo.

Michirizi ya udongo ukutani

Hii ndiyo dalili ya wazi kuliko zote: mstari wa udongo mkavu, upana wake kama penseli, unapanda ukuta kutoka sakafuni. Watu huufagia wakadhani kazi imekwisha. Usiufagie. Usome kwanza.

Vunja kipande cha urefu wa kidole katikati ya mstari, acha juu na chini. Ukiwaona mchwa wanatembea, jibu unalo. Usipowaona, weka alama ya chaki pande mbili za pengo, andika tarehe kando yake, na urudi baada ya siku tatu. Pengo likizibwa kwa udongo mbichi wa rangi iliyokoza, njia inatumika. Lisipozibwa, usishangilie, huenda wamehamia njia nyengine. Rudi tena baada ya mwezi.

Kisha fuata mstari kuelekea chini, si kuelekea juu. Juu utaona madhara, chini utaona mlango wao. Mchwa hali jiwe wala saruji, lakini hupita kwenye upenyo wa milimita moja. Kwenye nyumba zetu sehemu anazopendelea kupita ni hizi: pale sakafu inapokutana na ukuta, tundu la bomba la choo au la maji, paipu za waya za umeme zilizofukiwa, na ufa wa kigae kilichokwanguka.

Yupo anayepita pahala pabaya zaidi, nyuma ya plasta. Ukuta wa mawe na udongo, au wa miti, ulizoea kupumua kwa chokaa. Unyevu uliopanda kutoka ardhini ulitoka kwa uso wa ukuta ukapotea. Tulipopiga saruji ngumu juu yake, unyevu ukafungiwa, na baada ya miaka saruji ikaachana na udongo ikabaki nafasi. Nafasi ile ina giza, ina maji, haina upepo. Gonga plasta kwa nyundo ndogo kando ya mlango na dirisha. Ikilia kama ngoma, na chini yake kuna chumvi nyeupe inayomeguka, fungua kipande kidogo utazame. Usiibandike tena saruji. Rudishia chokaa na mchanga.

Usisahau vilivyoegemea ukuta. Kabati la vyombo, sanduku la khanga, rafu ya misahafu na vitabu vya watoto: visogeze kila miezi mitatu. Mchwa hula karatasi na nguo za pamba kama anavyokula mbao, na nyuma ya kabati ndipo anapofanya kazi bila kusumbuliwa.

Mchanga unadondoka kutoka darini

Ukikuta kila asubuhi punje za udongo juu ya kitanda au meza, panda juu kwa kurunzi. Tazama kwanza mtambaapanya, kwa sababu ndio unaolala juu ya ukuta na ndio wa kwanza kufikiwa. Halafu tazama makombamoyo, ile miti inayobeba paa, pale yanapoukalia. Boriti za mikoko ni ngumu, na katikati yake mara nyingi utazikuta nzima. Huliwa kwenye vichwa vilivyofukiwa ukutani, ambako unyevu haukauki.

Ikiwa bati linavuja hapo juu, uvujaji ule unaweza kuwatunza mchwa hata bila wao kushuka ardhini kila mara. Kwa hiyo ziba bati kabla ya kufikiria dawa. Na ukigundua mtambaapanya umeliwa, usikate chochote mpaka umeweka nguzo za kuegemeza paa kutoka sakafuni. Paa la nyumba kongwe hushikwa na uzito wake, na ukiondoa kipande kimoja bila kuegemeza, vingine huondoka pamoja nacho.

Vumbi chini ya fanicha

Hapa si lazima iwe mchwa wa ardhini. Vumbi laini kama unga wa sembe, na vitundu vya duara vidogo kwenye mbao, ni fukusi. Punje ngumu kama mchanga, kila moja ina pande sita ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Huyo anakaa ndani ya mbao yenyewe, hahitaji udongo, na hatakufa kwa kutibu msingi. Kipande kilichoathirika ukitoe nyumbani ukichome, au kitibiwe chenyewe.

Mbao iliyokuwa nyeusi, laini, inakatika vipande vya mraba, imeoza kwa kuvu. Lakini kuvu na mchwa wanapenda mambo yale yale, hivyo palipo na mmoja mtafute na wa pili.

Maji yanatoka wapi?

Toka nje mvua ikiwa inanyesha. Simama uani na mwavuli, tazama. Robo saa ya masika itakuonyesha zaidi ya siku nzima ya jua.

Ardhi yenyewe inahusika. Nyumba iliyoko juu ya uwanda, mawe yakiwa karibu, maji hayakai, ingawa nyufa za mawe nazo ni njia ya mchwa. Kwenye kinongo, ule udongo mwekundu, unyevu hukaa kwa muda na mchwa hupata udongo mzuri wa kujengea. Nyumba za bondeni, kwenye namo nyeusi inayoshika maji, ndizo zinazohitaji kukaguliwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Pemba mvua ni nyingi kuliko Unguja na vilima vinashusha maji mabondeni, kwa hiyo huko ninakagua upande wa mlimani kwanza.

Halafu angalia yaliyoletwa na sisi. Je, barabara au uwa wa jirani uko juu kuliko sakafu yako? Kifusi kimejazwa mpaka kikafunika mguu wa ukuta? Maji ya bati yanaanguka wapi. Yakichimba mfereji wa tope chini ya ukuta, weka gata, au hata tofali za kuyapeleka mbali. Karo la maji machafu liko umbali gani na msingi? Kuni, makuti ya akiba, mabao ya zamani yameegemezwa wapi? Gogo la mwembe uliokatwa bado liko ardhini? Kisiki ni chakula cha miaka mingi.

Nataka ionekane shubiri nzima ya ukuta mtupu kati ya ardhi na mbao yoyote, pande zote nne za nyumba. Hiyo si kinga kamili, ila inamlazimisha mchwa ajenge njia yake nje, pahala ambapo utaiona.

Dawa, na kisima

Baada ya maji kuondolewa, dawa ina kazi yake. Huchimbwa mtaro mwembamba kuuzunguka msingi, udongo ukatiwa dawa iliyochanganywa kwa kipimo cha lebo, ukarudishwa kwa matabaka. Ndani, hutobolewa matundu kwenye sakafu kando ya ukuta, dawa ikatiwa, matundu yakazibwa. Kazi hii ifanywe na mtu mwenye mafunzo, glavu na barakoa, na watoto wasiwepo.

Nisikilize vizuri katika hili. Mawe ya visiwa vyetu ni ya chokaa na yamejaa matundu. Kinachomwagwa juu hufika chini upesi, na nyumba nyingi bado zina kisima uani. Usikubali dawa ya mchwa imwagwe ardhini karibu na kisima. Upande ule tegemea kuondoa unyevu, kiatu cha zege, na mbao iliyotibiwa kabla ya kusimamishwa. Niliwahi kumkuta mtu anauza dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina jina wala lebo, anasema "hii ni ile kali ya zamani". Kali ya zamani ni nini? Aldrini, dieldrini na klorideni zilikuwa dawa za mchwa duniani kote, na zote 3 zimo katika zile sumu 12 za mwanzo zilizowekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu hazipotei ardhini na huingia katika miili ya watu. Chupa isiyo na lebo usiifungue nyumbani kwako.

Oili chafu ya gari nayo acheni. Inachafua maji ya mtaa mzima, na mchwa huizunguka.

Kwa mbao za ndani, dawa ya boroni inapenya vizuri na haina harufu, lakini huoshwa na maji, kwa hiyo haifai kwa dirisha linalopigwa na mvua. Ukinunua paini kutoka bara, uliza iliyotibiwa kwa shinikizo na ukate kipande utazame kama rangi ya dawa imeingia ndani au iko juu juu. Ukinunua mninga, mvule au mfenesi, lipia kiini. Weupe wa pembeni, hata wa mti mzuri, ni chakula.

Ukimaliza kurekebisha, andika tarehe kwa chaki nyuma ya mlango. Rudi na kurunzi siku ya tatu, kisha mwezi mmoja, kisha baada ya mvua ya kwanza ya msimu unaofuata, jioni, kabla taa hazijawashwa. Anza na pembe iliyo karibu na choo.